Mlango Aliofunga Mama Sabuni

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye beji kifuani, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Wazee walimwita Mama Sabuni mbele yake, wahudumu walimwita hivyo nyuma yake, na hata mume wake, fundi wa kuchomelea mageti, akipiga simu kazini na kupokelewa na mlinzi, aliomba apewe Mama Sabuni. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa kimo cha kati, mwenye mwendo wa haraka na viatu visivyotoa sauti, na kazi yake katika ile nyumba ya wazee ilikuwa kuhakikisha kwamba ugonjwa wa mmoja haugeuki kuwa ugonjwa wa wote.

Watu wa nje hudhani hiyo ni kazi ya kupiga deki. Haya, waache wadhani. Mtu akishazeeka sana ngozi inakuwa nyembamba, kifua hakina tena nguvu ya kupigana, na tumbo linalomsumbua kijana siku mbili tu laweza kumlaza mzee asiamke. Kabla Mama Sabuni hajaletwa pale, ugonjwa wa kuhara uliingia upande wa wanawake na ukaondoka na watu. Ulianzia kwa bibi mmoja, ukapita kwenye beseni walilochangia, ukapanda mikononi mwa mhudumu aliyekuwa akikimbia peke yake huku na huku, na vitanda vikaanza kubaki vitupu. Wenye nyumba walishikwa na woga, wakaenda hospitali kubwa kutafuta mtu. Wakampata yeye, nesi wa wodi ya upasuaji, ambaye alikuwa ameshaona mshono mdogo ukimmaliza mama mwenye mtoto mchanga kwa sababu tu kuna mtu hakunawa mikono. Jambo lile lilimkaa rohoni wala halikumtoka.

Alipofika alianza na sinki. Alidai liwekwe mlangoni pa ukumbi wa chakula, na asiingie mtu bila kunawa, awe mkazi, awe mhudumu, awe mgeni mwenye suti. Kila mlo wa mchana alisimama pale mwenyewe, mikono kifuani, macho kwenye mikono ya watu, akiwakumbusha vidole gumba, maana wengi husugua viganja na kuvisahau. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori, mtani wa nyumba nzima, alisema ukipeana mkono na Mama Sabuni inabidi uhesabu vidole baadaye, huenda kaondoka na kimoja kwenda kukisugua. Watu walicheka, lakini walinawa. Akagawa matambara kwa rangi ili la chooni lisije likagusa meza. Kila mkazi akapewa beseni lake. Kuhara hakukurudi, na ndiyo sababu watu waliuvumilia ukali wake, na ndiyo sababu pia hakuna aliyethubutu kumuuliza chochote kuhusu Fundi Saa.

Huyu Fundi Saa alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa karibu maisha yake yote, na hata uzeeni vidole vyake vilibaki na adabu ya kazi ile. Alishika kijiko, kitasa, hata mkono wa mtu, kwa taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hakuja kwenye nyumba ya wazee kwa ugonjwa wake. Alikuja kwa ajili ya mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa sauti, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa wao, kisha akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Alisahau jiko likiwaka. Akasahau njia ya dukani. Akamsahau hata binti yao wa pekee, anayeishi mbali, akawa anamkaribisha kama mgeni kila anapokuja. Fundi alijitahidi peke yake mpaka maji yakamfika shingoni, ndipo binti akawaleta wote wawili, mama upande wa wanawake, baba upande wa wanaume, ua katikati.

Katika yote aliyoyasahau, mumewe hakumsahau. Msiniulize kwa nini. Madaktari wana maelezo yao, na Fundi alikuwa na yake: alimkumbuka kwa sababu alimwona kila siku. Kila mchana mzee yule alivuka ua, akanawa pale sinkini chini ya macho ya Mama Sabuni, akaketi mkono wa kulia wa mkewe na kumlisha. Kwa wahudumu bibi alifunga mdomo kama mtoto mwenye deko. Kwa Fundi aliufungua. Akishashiba alimrekebishia kola ya shati na kumgombeza kwamba hajachana nywele, na Fundi, ambaye kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, aliahidi kwamba kesho atachana.

Kisha yakaja ya mguu. Fundi alijigonga muundi kwenye chuma cha kitanda, kidonda kikagoma kupona, mguu ukavimba, akapelekwa hospitali na kulazwa. Alirudi amekonda, kidonda kimepata nafuu, lakini amekuja na majibu ya maabara: alikuwa amebeba vijidudu sugu, vile visivyoogopa dawa za kawaida. Vilikuwa kidondani na vilikuwa puani. Hakuwa mgonjwa, na hilo ndilo gumu kumweleza mtu. Homa hakuwa nayo, maumivu hakuwa nayo, alitembea na fimbo yake vizuri tu. Alivibeba, basi, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake njiani.

Mama Sabuni hakusita hata dakika. Kule wodi ya upasuaji, mtu wa namna hiyo alitengewa chumba chake, mlango ukafungwa, na hakutoka mpaka vipimo vitoke safi, tena kwa kurudiwa. Akafanya vilevile. Alimpa Fundi chumba cha mwisho kwenye korido, akaning'iniza kibao chekundu mlangoni, akapanga nje ya mlango glavu, aproni na barakoa, na akawaambia wahudumu kwamba atakayeingia bila hivyo vitu atamkuta yeye. Sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake. Kisha akaingia mwenyewe kumweleza, kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, na mtu asije akasema nimemsema vibaya. Alimweleza kwamba ni kwa muda tu, na kwamba wanaolindwa ni wenzake, hasa mkewe ambaye mwili wake ni dhaifu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Na nani atamlisha?"

"Wahudumu watamlisha, baba."

"Si hicho ninachoogopa. Atakula tu, njaa itamlazimisha. Lakini yule ananijua kwa sababu ananiona. Nikipotea machoni pake atanisahau. Na akishanisahau mimi, mwanangu, hana tena mtu anayemjua hapa duniani."

Mama Sabuni akamwambia asiwe na wasiwasi, haitachukua muda. Aliamini alichokisema.

Vipimo havikutoka safi. Alimpaka dawa puani, akamwogesha kwa sabuni ya dawa kuanzia utosini hadi nyayo, akabadilisha mashuka kila siku, akasubiri, akachukua kipimo kwa kijiti cha pamba na kukipeleka maabara. Majibu yakaja: bado vipo. Akaanza upya. Bado vipo. Kila mara alisimama mlangoni kwa Fundi amefunika uso, macho tu yanaonekana, akasema, "Bado, baba," na Fundi alishukuru, kwa sababu alikuwa mtu wa kushukuru. Msimu wa mvua ukapita, ukaja wa vumbi, na kibao chekundu kikaanza kufifia rangi kwa jua la dirisha la korido.

Si kwamba hakujaribu kuwaonanisha. Alijaribu. Mwanzoni aliagiza bibi aletwe kwa kiti cha magurudumu mpaka kizingitini, naye Fundi asimame ndani amevaa barakoa, glavu na ile aproni ya plastiki. Bibi alipomwona aliogopa, akalia, akawa anamshika mhudumu mkono akiuliza huyo ni nani na anataka nini. Ikabidi warudi naye. Baada ya hapo wakaja na mpango wa dirisha. Chumba cha Fundi kilitazama ua, basi bibi akawa anawekwa uani kwenye jua la asubuhi, Fundi anasimama nyuma ya kioo bila barakoa, anampungia mkono. Siku za kwanza bibi aliinuka nusu kwenye kiti na kumpungia kwa mikono yote miwili, akimwonyesha kwa ishara kwamba kola yake iko upande. Baadaye akawa anapunga mkono mmoja. Mwishoni alikuwa akipunga kama anavyompungia mtunza bustani, au gari la maziwa, au mtu yeyote anayepita. Fundi aliona. Maisha yake yote alifanya kazi ya kuangalia vitu vidogo, hangeweza kuacha kuona. Siku moja akamwomba mhudumu, kwa adabu, kwamba bibi asisumbuliwe tena kukalishwa kwenye jua.

Tangu hapo hakuulizia majibu ya maabara. Chakula kilirudi kimeguswa kidogo. Alichokifanya kwa bidii ni kunawa. Mhudumu aliyempelekea chai alimkuta kwenye sinki la chumba chake asubuhi na kumkuta sinkini jioni, anasugua, anasuuza, anasugua tena, na akamweleza Mama Sabuni kwa mshangao. Mama Sabuni, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliwaambia wengine wamuige Fundi.

Nyumbani alimsimulia mume wake. Mume alikuwa na kawaida ya kumtania. Alisema yeye ndiye mgonjwa wake namba moja, haruhusiwi kushika mlango wa nyumba yake mwenyewe kabla hajapita bombani. Lakini habari ya Fundi hakuitania. Aliendelea kula, kisha akauliza huyo mzee kosa lake ni nini hasa. Mama Sabuni akakasirika, akamwambia kuchomelea mageti na kulinda roho za watu ni vitu viwili tofauti, na wakalala wamenuniana. Nawaambia alikasirika kwa sababu swali lilimgusa, ila hakutaka kujua lilimgusa wapi.

Ukweli ulikuja na daktari mmoja mwanamke, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, aliyekuwa akizungukia nyumba za wazee kuona hali zao. Mama Sabuni alimpokea kwa fahari. Alimwonyesha sinki, matambara ya rangi, mabeseni, ndoo za taka zenye vifuniko vya kukanyaga kwa mguu. Daktari alisifu yote, na alisifu kwa dhati. Kisha wakafika mwisho wa korido, mbele ya kibao chekundu, na daktari akauliza kuna nani humo. Mama Sabuni akaeleza. Daktari akauliza kama mzee ana homa. Hana. Kidonda kinatoa majimaji? Kimekauka, na kimefungwa vizuri. Anaelewa akiambiwa anawe? Kuliko mtu yeyote humu ndani.

"Sasa amefungiwa kwa nini?"

"Vipimo havijatoka safi, daktari."

"Na huenda visitoke maisha yake yote." Daktari hakupandisha sauti. "Sista, hospitali tunafanya hivyo kwa sababu kitanda cha pili kuna mtu mwenye tumbo lililofunguliwa jana. Hapa ni nyumbani kwao. Funga kidonda, anawe mikono, meza ifutwe, akae na watu, ale na watu. Huyu hahitaji kutengwa."

Mama Sabuni akauliza utaratibu huo umebadilika lini. Aliuliza akiwa na matumaini, maskini, kwamba ataambiwa umebadilika juzi.

"Haujabadilika," daktari alisema. "Kwa nyumba kama hizi umekuwa hivyo siku zote."

Daktari aliondoka na gari lake, na Mama Sabuni akaingia stoo ya mashuka, akafunga mlango na kukaa juu ya furushi la nguo chafu, yeye ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kukalia nguo chafu. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemzuia kuuliza. Alichukua sheria ya wodi akaileta kwenye nyumba ya watu, akaisimamia kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa wote walimwamini, hakukuwa na wa kumwambia simama. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akaona jambo lingine, baya zaidi: palikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kumwambia Fundi kwamba majibu yametoka, ni safi. Mzee angefurahi, wahudumu wangepiga makofi, kibao kingetolewa, na hakuna ambaye angejua. Alikaa na wazo hilo kwa muda. Sitawaficha, lilimpendeza. Ndipo akajikaza kisabuni, kama watani wake walivyopenda kumwambia, akainuka na kwenda mwisho wa korido bila barakoa wala aproni wala glavu.

Fundi alikuwa amekaa kitandani. Alipomwona uso mzima alishtuka, akavuta blanketi na kuficha mikono chini yake.

"Vaa vitu vyako, mwanangu," alisema. "Umesahau."

"Sikusahau."

"Majibu yametoka safi?"

Hapo ndipo neno moja, ndiyo, lingemaliza kila kitu.

"Hapana, baba. Bado unavyo. Lakini hukupaswa kufungiwa kwa ajili hiyo. Si leo, wala si siku ile uliyorudi. Mimi ndiye niliyekosea, na hakuna mwingine."

Akamweleza yote aliyoambiwa na daktari, bila kujitetea. Fundi alisikiliza hadi mwisho kama kawaida yake. Mama Sabuni alitegemea matusi, aliyatamani, hasa. Mzee hakutukana. Alitikisa kichwa na kusema hatoki. Akasema yeye anavijua hivyo vijidudu sasa, amekaa navyo, na mke wake ni dhaifu, na alikuwa ameshakubali. Ni yeye Mama Sabuni aliyemfundisha hivyo, tena kwa upole, na mafundisho yamemwingia. Hawezi kuamka leo akaambiwa ni mengine.

Mama Sabuni akaketi kitandani, ubavuni pake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mkazi yeyote, akanyoosha mkono mtupu, kiganja juu, akaungoja wake. Alingoja sana. Hatimaye Fundi akatoa mkono mmoja chini ya blanketi. Nesi aliutazama, na moyo ukamwuma. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo, nyekundu, imekauka, na kwingine vidonda vidogo kabisa vya kusugua na kusugua. Vidole vilivyokuwa vikishika bisibisi nyembamba kama sindano vilikuwa havikunjiki sawasawa. Hii ndiyo mikono aliyowaambia wahudumu waige.

Alichukua mafuta kwenye mfuko wa koti, akampaka, kidole kwa kidole, mkono huu na huu, kwa mikono yake isiyo na kitu, na hakuharakisha. Alilia akiwa anapaka na hakujificha. Alipomaliza akamwonyesha viganja vyake mwenyewe vinavyong'aa mafuta.

"Sasa na mimi ninavyo," alisema. "Nakwenda kunawa, vitaondoka. Kazi ya sabuni ni hiyo tu, baba. Haikuwa kazi yake kukutenga na mke wako."

Fundi akaomba aletewe shati lake lenye kola.

Walikwenda ukumbini wakati wa chakula cha mchana, Fundi na fimbo yake, Mama Sabuni nyuma yake. Mzee dereva alikuwa wa kwanza kumwona, akapaza sauti kwamba saa yake imesimama tangu Fundi alipofungwa na sasa hajui kama amekufa au yuko hai. Watu walicheka, wakampokea. Lakini si wote. Bibi mmoja alivuta kikombe chake karibu na kifua Fundi alipopita, na mwanamume aliyekaa mezani pa mwisho alisogeza kiti. Mama Sabuni aliwaona wote wawili. Hakuwalaumu, maana hayo nayo walifundishwa na yeye.

Fundi alifika, akaketi mkono wa kulia wa mkewe, mahali pake. Sahani ilikuwa tayari, viazi vya kupondwa na supu. Aliogopa, nadhani, na mimi pia ningeogopa. Mkewe akamgeukia. Alimtazama usoni, akatazama mikono, akatazama tena usoni, akatabasamu kama mwalimu anayempokea mzazi siku ya kwanza ya shule.

"Samahani, baba," alimwambia kwa adabu. "Hapo pana mtu. Mume wangu yuko njiani."

Dereva, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliinamia supu yake. Fundi aliweka kijiko chini taratibu, mahali kilipokuwa.

"Akija nitampisha," alisema. "Naomba nikae tu mpaka afike."

Bibi alifikiri. "Sawa, kaa. Lakini ujue yeye hachelewi."

Kesho yake asubuhi Mama Sabuni aliwakusanya wahudumu wote, akawaambia alichokosea na kilichotokana nacho, akaulizwa maswali na akayajibu. Binti yao alipigiwa simu, na nesi alikaa kwenye simu mpaka yule binti alipomaliza kusema yote aliyokuwa nayo, nayo hayakuwa machache. Mama Sabuni alimuuliza daktari kama kumbukumbu ya bibi inaweza kurudi. Daktari alimjibu kwa huruma kwamba asitegemee, na kwamba huenda ingeondoka hata kama mlango ungekuwa wazi. Huenda. Neno hilo lingeweza kumpunguzia mzigo, lakini hakulitumia. Aliendelea kusimama sinkini kila mchana. Angeweza kumweka mtu mwingine pale. Alisimama mwenyewe, na kila mchana alimsikia Fundi akimwomba mkewe ruhusa upya ya kuketi mpaka mumewe afike, na kila mchana bibi akamkubalia.

Polepole bibi alimzoea yule mzee mpole, akadhani ni mhudumu mpya, akakubali kulishwa naye. Alikula vizuri, akaanza hata kunawiri mashavu. Ila alikuwa na sharti lake. Akifika katikati ya sahani alifunga mdomo, akamwambia nusu iliyobaki amwekee mume wake, anakuja na njaa. Wala hakukubali kubembelezwa. Kisha alisukumwa kwenda kulala, na sahani ikabaki mezani na kijiko chake ndani.

Sasa, hakuna kitu Mama Sabuni alichokipiga vita kama hicho. Masalia yanamwagwa. Kijiko kilichotoka kwenye mdomo wa mmoja hakiingii kwenye mdomo wa mwingine. Aliwahi kumwachisha kazi mhudumu kwa jambo hilo. Siku moja ukumbi ulikuwa umebaki karibu mtupu. Fundi alikaa peke yake mbele ya ile nusu sahani. Akaitazama. Akaivuta karibu, akashika kijiko kilekile, akaanza kula. Mhudumu aliyekuwa akifuta meza aliona, akapiga hatua kwenda kumzuia, kisha akageuka kumtazama Mama Sabuni sinkini, akingoja amri.

"Mwache," alisema Mama Sabuni. "Ni chakula chake. Amewekewa na mke wake."

Fundi alikula viazi vile vilivyokwisha poa, taratibu, mpaka sahani ikabaki nyeupe.